Mke Wangu wa Mwanza na Koma Zilizokosekana

NEEMA: Zuberi, hebu wasomee wasikilizaji ile meseji uliyomwandikia mwenye nyumba.

ZUBERI: Dada Neema, si tulikubaliana hii isitoke nje? Haya. Niliandika: "My wife who lives in Mwanza will join me in June." Yule mzungu akajibu, eti na wale wengine watakuja lini?

NEEMA: Wengine akina nani!

ZUBERI: Ndiyo nami nikabaki nashangaa. Nina mke mmoja, ndoa ya kanisani!

NEEMA: Ulichokosa ni koma mbili, kaka. Kwa Kiswahili, "mke wangu anayekaa Mwanza" haitangazi unao wangapi. Kiingereza cha maandishi kinatangaza. Bila koma, "who lives in Mwanza" inafanya kazi ya kuchagua: kati ya wake zako, ni huyu wa Mwanza. Ukiweka koma kabla ya "who" na nyingine baada ya "Mwanza", inakuwa nyongeza tu, kama unapenyeza habari.

ZUBERI: Kwa hiyo mwenye wake wanne asiweke koma.

NEEMA: Asiweke, na sarufi haina ugomvi naye.

ZUBERI: Lakini "my wife" si tayari ni mtu anayejulikana? Kuchagua tena kunatoka wapi?

NEEMA: Hapo ndipo penyewe. "My", au jina lenye apostrofi na "s", limebeba "the" tumboni, yaani kitu kimeshajulikana ni kipi. Mlango umeshafungwa, halafu kishazi, kile kipande cha "who" au "which", kinakuja kubisha hodi. Mchukue Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mshindi wa Nobel ya Fasihi 2021. Mwaka 1994 riwaya yake iliingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Andika "Gurnah's novel, which was shortlisted in 1994", na koma zake.

ZUBERI: Inakuwa kama mzee aliandika riwaya moja akapumzika.

NEEMA: Umeona? Na ana zaidi ya kumi. Ukitoa koma, "Gurnah's novel that was shortlisted in 1994", utaeleweka, ila wengi wataona imekaa vibaya. Mimi kwenye tafsiri zangu huwa naigeuza: "the novel of Gurnah's that was shortlisted". Ile "the" ya mwanzo inaacha mlango wazi, kishazi ndicho kinachokuja kuufunga.

ZUBERI: "Of Gurnah's", "of" na apostrofi pamoja? Enzi zetu shuleni ungechapwa.

NEEMA: Ungechapwa kwa kuonewa. Mbona "a friend of mine" unasema kila siku?

ZUBERI: Sawa, na mimi nina langu. Nikiwa nasahihisha insha nilikuwa nakutana sana na hii: "the teacher's car who came yesterday".

NEEMA: Hiyo ni "gari la mwalimu aliyekuja jana" iliyovalishwa suti! Kwetu haina shida, ngeli inakulinda. "Aliyekuja" ni mwalimu, "lililokuja" ni gari. Kiingereza hakina ngeli, na "who" haiwezi kumfuata mwalimu aliyefichwa nyuma ya apostrofi. Inabidi "the car of the teacher who came yesterday".

ZUBERI: Ila "mtoto wa mwalimu aliyekuja jana", hapo hata sisi ngeli inatutupa. Kaja nani, mtoto au mwalimu?

NEEMA: Hapo uliza jirani.

ZUBERI: Sasa nikutege. "Baba yetu uliye mbinguni" je?

NEEMA: Enhe! Biblia ya King James ya 1611 ina "Our Father which art in heaven", hakuna koma baada ya "Father". Kitabu cha sala cha Kianglikana cha 1662 kinayo. Na usishtuke na "which", zamani hizo ilitumika hata kwa watu.

ZUBERI: Basi wa 1611 walikuwa na baba wengine.

NEEMA: Si ndio wa duniani! Wewe wako hakukwambia uoe mapema?

ZUBERI: Aliniambia. Hakuniambia habari za koma.