Globu zinaungua ovyo? Kagua holda kabla ya kununua nyingine

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo tunashughulika na swali ninaloulizwa sana hapa dukani: "Fundi, globu ya juzi tu imeshaungua, umeniuzia feki?" Feki zipo, sikatai. Lakini kuna holda, kuna joto, na kuna umeme wenyewe. Mimi nauza globu, ila sipendi mteja anunue globu nne kwa ubovu wa holda moja.

Zima mein swichi. Sisemi swichi ya ukutani, nasema mein swichi, ile kubwa inayokata umeme wa nyumba nzima. Kuna nyumba ambazo aliyefunga waya alipitisha nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya laivu, waya unaoleta umeme. Ukizima ukutani taa inazimika vizuri kabisa, lakini umeme bado uko juu kwenye holda. Kama taa yako ya LED inabaki na mwanga hafifu usiku ukiwa umeshaizima, hiyo ni dalili mojawapo. Kwa hiyo mein swichi chini, kisha testa kwenye holda kuhakikisha.

Kutoa globu mnajua. Iache ipoe kwanza.

Haya, hii ya kwanza ni ile ya zamani, ya waya. Mdogo wangu, sogeza kamera, inaangalia ukuta. Hapo hapo. Mnaona waya umekatika katikati, na kioo kina weusi kwa ndani? Ni waya wa tangsteni. Ukiwaka unapita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na kila siku unapungua kidogo kwa kugeuka mvuke. Weusi huo ndio tangsteni iliyotoka kwenye waya ikaganda kwenye kioo. Panapokuwa pembamba ndipo panapopata moto zaidi. Sasa, kwa nini inaungua pale pale unapobonyeza swichi? Kwa sababu waya ukiwa baridi unapitisha umeme kirahisi mno, na kwa kitambo kifupi sana unavuta zaidi ya mara kumi ya kawaida yake. Kama pameshakuwa pembamba, panakatika. Kule Livermore, California, kwenye kituo cha zimamoto, kuna globu inayowaka tangu 1901. Inaachwa usiku na mchana, kwa mwanga hafifu wa kama wati 4, kwa hiyo haipati lile pigo la kuwashwa kila jioni. Naipenda sana habari hiyo.

Na hizi za waya msizifunge barazani bila kava. Tone la mvua likigonga kioo chenye moto, kioo kinapasuka.

Twende kwenye LED, ambazo ndizo ziko majumbani mwetu. Hii imeungua, nimebandua kava lake la plastiki. Subiri, mwanga wa dirishani unarudi kwenye kamera... niigeuze. Sasa mnaona vile vipande vya njano? Kila kimoja ni taa ndogo. Tazameni hiki cha pembeni, kina kitone cheusi katikati, kama ncha ya kalamu. Nyingi zimeungwa kwa mfuatano, umeme unatoka kwenye kimoja kuingia kingine, kwa hiyo hiki kimoja kikikata, vyote vinazimika. Globu ikishabanduliwa hivi usiirudishe kwenye umeme. Vipande hivyo vinaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja.

Kilichokiua ni nini? Mara nyingi ni joto. Joto la LED linakwenda nyuma, huku shingoni, na shingoni ndiko kuliko na saketi na kapasita, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme. Kapasita ina majimaji ndani, na joto linayakausha. Mafundi wa elektroniki wana kanuni: joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita unapungua karibu nusu. Ndiyo maana LED ndani ya kava la kioo lililozibwa pande zote, chini ya bati linalopigwa jua mchana kutwa, haimalizi muda ulioandikwa kwenye boksi. Kwenye kava la namna hiyo weka ya wati ndogo, au tafuta kava lenye upenyo. Mimi napenda ya wati 5 chooni na barazani, inatosha kabisa.

Sasa holda, na hapa naomba mtulie. Hii ni ya pini. Pini mbili za shaba zinatakiwa zikibonyezwa zirudi. Hii moja inarudi... hii nyingine imelala, na imeungua pembeni. Ikilala, globu haigusi sawasawa, umeme unarukaruka, unasikia ule mlio wa kukaanga, na saketi ya LED inapigwa washa-zima mfululizo. Holda ya hivi usiisugue kwa msasa. Badilisha. Chukua ya kauri, plastiki ya bei rahisi inalainika kwa joto.

Kufunga: menya waya, pinda nyuzi zote za shaba pamoja, kunja mara mbili, ingiza kwenye teminali, pale penye skrubu ya kubana waya, kaza. Angalia usiache uzi hata mmoja nje! Uzi mmoja mwembamba ukigusa teminali ya pili ni shoti. Kaza, kisha vuta waya kidogo. Usipotoka, sawa. Ngoja, kamera, njoo karibu. Mnauona huu? Uzi mmoja umechomoza, kama unywele. Nalegeza, natoa, napinda upya, naingiza. Kagua na upande wa pili vilevile. Kabla hujafunga kifuniko, kagua tena.

Sasa soma globu yenyewe, shingoni. Umeme wetu wa Tanzania ni volti 230. Iliyoandikwa 220–240 inafanya kazi, lakini mtaa ambao umeme unapanda na kushuka mimi nachukua ya 165–265.

Washa mein swichi. Inawaka, haitetemeki, hakuna mlio.

Ila kama chumba kimoja taa zinang'aa kupita kiasi na kingine zinafifia, na globu zinaungua kadhaa jioni moja, usibadilishe chochote. Huenda nyutro imelegea. Kwenye nyumba ya fezi tatu, yaani inayoingiziwa waya tatu za laivu, nyutro ikikatika, upande mmoja unaweza kupanda kuelekea volti 400. Zima mein swichi, chomoa friji na televisheni, mwite fundi mwenye leseni au TANESCO siku hiyohiyo. Holda za kauri ziko hapa dukani, za pini na za skrubu, na ukija na ile ya zamani nakuonyesha ilipoungulia.