Shirley Chisholm na Ujira wa Wafanyakazi wa Ndani

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliobanana hadi mlangoni, asanteni.

Kila nikialikwa kumzungumzia Shirley Chisholm napewa mada ile ile: mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Marekani. Ni kweli, Brooklyn, kule jijini New York, ilimchagua mwaka 1968. Lakini hilo neno "wa kwanza" limemfunika mama wa watu. Mnajua aliingia, alichokifanya humo ndani hamkijui. Kwa hiyo leo naanzia hospitalini.

Mei 1972. Chisholm anawania tiketi ya chama cha Democrat kugombea urais. Mpinzani wake mmoja ni George Wallace, gavana wa Alabama, yule aliyesimama mlangoni mwa chuo kikuu mwaka 1963 kuwazuia wanafunzi weusi. Wallace akapigwa risasi mkutanoni Maryland, akapooza kuanzia kiunoni. Chisholm akaenda kumjulia hali.

Hebu mwoneni: mama mwembamba, binti wa wahamiaji kutoka Karibi, kando ya kitanda cha mtu yule. Wallace akamwuliza, watu wako watasemaje? Akajibu kwamba anajua watakavyosema, ila yaliyompata Wallace hataki yampate mtu yeyote. Wallace akalia.

Nasikia mtu ananong'ona kwamba alikuwa anatafuta kura. Kura za nani? Wafuasi wake wenyewe walimjia juu! Barbara Lee, wakati huo mwanafunzi aliyemfanyia kampeni California, na baadaye akawa mbunge, amesimulia jinsi alivyokasirika. Kumjulia hali mgonjwa si kuubariki ubaya wake. Sisi tunaokwenda kuzika hata kwa jirani tuliyegombana naye, tunahitaji kuelezwa hilo?

Sasa tulieni. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1938 iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani: wapishi, wafuaji, walezi. Wengi wao huko Kusini walikuwa wanawake weusi. Mama mzazi wa Chisholm aliwahi kuifanya kazi hiyo. Mtu anapiga magoti anasugua sakafu ya watu, jioni anapewa alichojisikia kutoa mwenye nyumba, na sheria imenyamaza! Miaka zaidi ya thelathini! Chisholm alilivalia njuga, lakini alihitaji kura za wabunge wa Kusini, ambao asingewapata peke yake. Aliyemsaidia kuwashawishi ni Wallace. Rais Nixon aliukataa muswada wa kuwaingiza wafanyakazi hao kwenye sheria mwaka 1973. Ukarudishwa, akautia saini Aprili 1974. Na bado wanaokaa na wazee majumbani wakaachwa nje. Hilo linaniuma mpaka leo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa ufupi basi: walipompanga Kamati ya Kilimo, yeye mbunge wa Brooklyn, alisimama akapinga, wakamhamishia ya maveterani, yaani wanajeshi wa zamani. Alisema jimboni mwake maveterani ni wengi kuliko miti. Habari ya mpango aliousaidia kuanzishwa, wa chakula kwa wajawazito na watoto wachanga, ilihitaji mhadhara wake peke yake. Aliondoka bungeni mwaka 1983, akafundisha chuo cha Mount Holyoke, akafariki Florida tarehe 1 Januari 2005.

Maswali. Tuanze na dada yule wa nyuma, ameinua mkono tangu nilipomtaja Wallace.