Jina Moja Karatasi Zote: Kuandaa Kitambulisho na Tiketi ya Mtihani wa SAT Ukiwa Tanzania

Habari zenu wadogo zangu, na shikamooni wazazi mnaotazama pamoja na vijana wenu. Leo sifundishi hesabu wala Kiingereza. Leo ni karatasi tu: kitambulisho, tiketi, picha, na jina lako. Vijana wengi wanaoomba vyuo vya Marekani hutumia miezi kujiandaa na maswali ya SAT, halafu karatasi wanazishika wiki ya mwisho. Mdogo wangu wa kiume alirudishwa mlangoni na kitambulisho chake halali mkononi, na kosa lilikuwa langu mimi niliyemsajili. Nitawaeleza tukifika hapo.

Kabla hujaendelea, simamisha video, nenda kabatini, lete cheti cha kuzaliwa, pasipoti kama unayo, kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, kama umefikisha miaka 18, na cheti au matokeo yako ya kidato cha nne. Vitandaze vyote mezani, kama nilivyofanya hapa. Chukua na karatasi tupu na kalamu.

Tayari? Sasa andika jina lako mara nne, kila mara ukinakili kutoka kwenye hati moja. Usiandike unavyojua, nakili herufi kwa herufi. Hapa kwetu majina yanatembea. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika Hamisi, msimamizi wa mtihani wa darasa la saba akaandika Hamis. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, shuleni wakaweka John. Mohamed, Mohammed, Muhammad, wote ni mtu mmoja nyumbani, lakini kwenye mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Tazama mfano wangu wa kutunga kwenye skrini: pasipoti inasema Abdalla Hamisi Mkumba, cheti cha shule kinasema Abdallah Hamis. Umeona? Herufi moja imeongezeka, nyingine imepungua, na ukoo umepotea kabisa.

Ukiona tofauti kama hizi, usikimbilie kubadilisha kila kitu. Kwanza amua ni kitambulisho kipi utakachoonyesha siku ya mtihani, kwa sababu hicho ndicho kitakachobeba jina lako kote huko.

Waandaaji wa SAT, yaani College Board, wanataka kitambulisho halisi, kinachoshikika mkononi, kisichokwisha muda, chenye picha inayokufanana na jina lako kamili kwa herufi za Kilatini. Nakala haikubaliki, hata iliyogongwa mhuri na wakili. Picha ya kitambulisho kwenye simu haikubaliki. Cheti cha kuzaliwa nacho hakikubaliki. Na hapa nataka wenye umri wa miaka 18 na 19 wanisikilize vizuri: namba ya NIDA si kitambulisho. Wengi wenu mna namba, mmesajili nayo laini za simu na mmefungua nayo akaunti za benki, ila kadi yenyewe haijafika mkononi. Karatasi uliyochapisha yenye namba haitakuingiza kwenye chumba cha mtihani.

Halafu kuna jambo la mipaka. Kitambulisho cha taifa kinatumika ndani ya nchi iliyokitoa. Ukikosa nafasi Dar es Salaam ukaamua kwenda kufanyia Nairobi, kadi ya NIDA uiache nyumbani, beba pasipoti. Ndiyo maana ushauri wangu ni ule ule kwa kila anayeniuliza: tengeneza pasipoti mapema, uitumie kwa mtihani, na kesho kutwa uitumie kwa viza. Kwa aliye chini ya miaka 18 ni muhimu zaidi, maana kadi ya taifa bado hana.

Pasipoti ya Tanzania inaombwa kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Unajaza fomu, unapata kumbukumbu namba ya malipo, unalipa, unachapisha fomu, kisha unakwenda mwenyewe ofisini kwa picha na alama za vidole. Gharama yake ni shilingi 150,000, kati ya hizo 20,000 ni za fomu. Utahitaji cheti chako cha kuzaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi, kwa hiyo mzazi asibaki nyuma katika hili. Lipia kwa namba ya malipo ya serikali peke yake. Vishoka wanaosimama nje ya ofisi wakikuambia watakuharakishia, wapite. Ukiwapa hati zako umewapa maisha yako.

Kama cheti cha kuzaliwa ndicho chenye jina lililokosewa, shughulika nacho kabla ya pasipoti. Bara unakwenda RITA, Zanzibar unakwenda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Pasipoti itafuata kilichoandikwa kwenye cheti, na kosa likishaingia kwenye pasipoti kulitoa ni safari nyingine kabisa.

Sasa fungua pasipoti ukurasa wa picha. Nasogeza kamera karibu. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi na alama kama mishale. Mstari wa kwanza, baada ya herufi TZA, unaanza na jina la ukoo. Ukikutana na mishale miwili iliyofuatana, ukoo umeishia hapo, na kinachofuata ni majina yako mengine. Kwa mfano wetu utasoma MKUMBA, mishale miwili, ABDALLA, mshale mmoja, HAMISI. Mstari huo ndio mwalimu wako wa usajili. Kilicho kabla ya mishale miwili unakiandika kwenye sehemu ya jina la mwisho. Kinachofuata mara tu baada yake ni jina la kwanza.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa mazoea ya shule yetu, mtoto anaitwa jina lake na la baba, basi. Nilimsajili mdogo wangu hivyo hivyo, jina lake na la baba, nikaona nimemaliza. Asubuhi ya mtihani msimamizi akasoma tiketi, akasoma pasipoti, akatuonyesha: jina la mwisho ni tofauti. Nilikuwa na kiapo cha mahakamani kwenye bahasha, nikakitoa. Hakikusaidia. Na msimamizi hakuwa mkatili, alikuwa anafuata utaratibu aliopewa. Kiapo kina kazi yake mbele ya safari, chuo kitakapouliza kwa nini matokeo ya kidato cha nne yana jina tofauti na pasipoti, lakini mlangoni wanatazama vitu viwili tu, tiketi na kitambulisho. Mdogo wangu alinyamaza njia nzima kurudi nyumbani. Ikabidi tulipie upya na kusubiri tarehe nyingine.

Jina la kati je? Si lazima ulijaze. Ila ukilijaza, lazima lifanane na la kwenye kitambulisho. Mimi nashauri uliache wazi, au ulinakili bila kubadilisha hata herufi.

Kama ulishajisajili na sasa umegundua kosa, usifungue akaunti mpya. Akaunti mbili za mtu mmoja zitakuletea tabu ya matokeo baadaye. Andikia huduma kwa wateja ya College Board leo, si usiku wa kuamkia mtihani.

Picha. Wakati wa kusajili utapakia picha yako, na itatokea kwenye tiketi. Simama mbele ya ukuta mweupe mchana, dirisha likiwa mbele yako na si nyuma yako. Vionekane kichwa na mabega, uwe peke yako, uso wazi, bila miwani ya jua wala kofia. Hijabu au kilemba cha dini kinaruhusiwa mradi uso uonekane. Picha zile za kulainishwa ngozi na kuongezwa macho, hapana. Na kama juzi umenyoa nywele zote na picha ya zamani una rasta, piga mpya.

Tukija kwenye tiketi yenyewe: tangu Machi 2023 SAT nje ya Marekani inafanywa kwa kompyuta, kupitia programu inayoitwa Bluebook. Unaipakua kwenye kompyuta mpakato ya Windows au Mac, au kwenye iPad. Simu haifai. Kompyuta ya kuazima kwa mjomba inakubalika, ila iazime wiki nzima, usiazime usiku mmoja, kwa sababu tiketi inatoka ndani ya programu hiyo hiyo.

Siku tano kabla ya mtihani, Bluebook inakufungulia sehemu ya kuandaa mtihani. Ingia siku hiyo hiyo ya kwanza inapofunguka. Itakagua kifaa, itapakua mtihani, na mwishoni itakutolea tiketi ya kuingilia. Ukisubiri siku ya mwisho umeme ukakatika, au bando likaisha katikati, utalala na wasiwasi bure. Tumia kifaa kile kile utakachokwenda nacho.

Tiketi ikitoka, isome kwa sauti ukiwa na pasipoti mkono wa pili. Mwombe mtu mwingine nyumbani naye asome, kwa sababu macho yako yameshalizoea jina lako na hayaoni kosa. Kisha ijitumie kwa barua pepe, nenda stesheneri ukachapishe nakala mbili. Usitegemee tiketi ya kwenye simu, maana simu utaizima na kuikabidhi. Na tafadhali, usiiweke kwenye status ya WhatsApp. Ina taarifa zako, na si kila anayekupongeza anakutakia mema.

Usiku wa mwisho, pakia begi mzazi akiona. Pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, kama ni msimu wa mvua usiulizane na mtu. Tiketi mbili, moja kwenye begi na moja mfukoni. Kompyuta iliyojaa chaji ya kukaa saa tatu hadi nne, kwa kuwa mtihani wenyewe ni saa mbili na dakika 14 ukiacha muda wa mapumziko, na kuna muda wa kukaguliwa. Chaja. Kalamu au penseli ya kufanyia hesabu za pembeni. Maji na kitu cha kutafuna wakati wa mapumziko.

Saa nayo ina mtego. Milango hufungwa saa mbili kamili asubuhi, isipokuwa tiketi yako iseme vingine. Kwenye tiketi utaona namba 8, na nimewahi kuulizwa na mzazi kwa nini mtihani unaanza saa nane mchana. Soma kwa hesabu ya Kizungu, utoe sita. Fika saa moja na nusu. Ukitoka Mbagala au Kibaha, huo ni muda wa kuwa umeshashuka kwenye gari, si wa kupanda.

Mlangoni, toa pasipoti ikiwa imefunguliwa ukurasa wa picha, na tiketi juu yake. Usiirudishe begini ukishapita, wanaweza kuiomba tena baada ya mapumziko. Na ukiulizwa jina, litaje kama lilivyoandikwa pale, ukoo nao usiuache, hata kama tangu darasa la kwanza hakuna aliyewahi kukuita hivyo.