Mwandishi akija shuleni, asije kuwaandikia watoto

Haya, hamjambo walimu? Asanteni kwa kunikaribisha, na asanteni kwa yale mahamri, nimekula mpaka nimeona haya. Mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa kwa hivo wacha niingie moja kwa moja.

Mada mlionipa ni kuleta waandishi shuleni wafundishe uandishi wa kubuni. Sasa mi nasema hivi, waandishi wako shuleni kitambo sana! Nendeni Tamasha la Drama, yale mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule zetu Kenya, mkaone. Shule inatafuta mtu wa skripti kutoka nje, analipwa, anakuja na mchezo umeshaiva, watoto wanakariri mistari usiku na mchana, wanapanda basi kutoka kaunti hadi kitaifa, wakishinda mwalimu mkuu anapiga picha na kombe. Mnakumbuka ule mchezo wa Butere Girls, Aprili 2025, ulioandikwa na Cleophas Malala aliyekuwa seneta wa Kakamega, hadi Nakuru kukawa na vitoa machozi na wale wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakatoka zao bila kuigiza. Nchi nzima ikabishana kama mwanasiasa anafaa kuwaandikia watoto mchezo. Mi swali langu lilikuwa lingine kabisa, kwani hao wasichana hawawezi kuandika wa kwao?

Na wale waandishi wa setibuku nao, vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Mwandishi anaalikwa, watoto wa kidato cha nne shule tano wamejazwa kwenye ukumbi mmoja, anauliziwa maudhui, anauliziwa mbinu za lugha, yaani mtoto anataka jibu la KCSE tu, mtihani wa kumaliza sekondari, na mwandishi maskini anajibu kwa woga asije akasema kitu kisichokuwa kwenye mwongozo wa kusahihisha. Saa mbili, picha, soda, kwaheri. Hapo hakuna mtu aliyeandika hata sentensi moja.

Ninalolitaka ni mwandishi aingie darasani, darasa moja lilelile, wiki baada ya wiki kwa muhula mzima, na watoto ndo waandike.

Hili limefanyika, sio ndoto. New York mwaka 1967 waandishi na walimu waliunda shirika linaitwa Teachers & Writers Collaborative, bado lipo mpaka leo, na mwanzoni waandishi wao walikuwa wanaweka shajara ya kila kipindi, nini kimekubali na nini kimekataa. Houston nao wakaanza programu ya aina hiyo 1983. Lakini ninayempenda mimi ni Kenneth Koch, mshairi, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, 1968 akaenda shule ya msingi ya serikali inaitwa P.S. 61 huko Manhattan. Hakuanza na "shairi ni nini" wala sifa za shairi. Aliwaambia kila mmoja aandike mstari mmoja unaoanza na "natamani", na ndani ya huo mstari kuwe na rangi, mhusika wa katuni, na jina la mji au nchi. Basi. Karatasi zikakusanywa zikasomwa kwa sauti kama shairi moja la darasa zima, watoto wakachangamka kama wako kwenye mchezo, maana hakuna aliyebaki peke yake na karatasi tupu.

Koch alikataza vina. Alisema mtoto akianza kutafuta vina anaacha alichotaka kusema. Hapo mimi nakubali nusu tu, kwa sababu mtoto wa Lamu au Mombasa anasikia kasida na taarabu tangu tumboni, vina kwake sio mzigo. Mshairi wetu akija darasani ningependa aanze na vitendawili, au kujibizana, huyu anatupa ubeti yule anaujibu papo hapo, mizani itahesabiwa baadaye. Kuhesabu mizani siku ya kwanza ndiko kunakotufukuzia washairi.

Na kuna insha. Miaka yote ile ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mpaka ule wa mwisho 2023, insha ilikuwa dakika 40 kwa alama 40, na sote tunajua ilivyoandikwa: methali juu, jogoo kawika, jua limechomoza mashariki (likichomoza kwingine tungeshtuka), mwisho ajali. Mtihani umeondoka lakini jogoo bado anawika madaftarini.

Nilikuwa na darasa la gredi ya nane, nikawaambia andikeni kitu kimoja cha nyumbani kwenu ambacho mgeni akija kinafichwa. Msichana mmoja akaandika kuhusu simu ya nyanya yake iliyofungwa kwa raba, na kwamba nyanya akipigiwa anaibana kwa kidevu ili betri isitoke, kwa hivo akiongea na mtoto wake aliye Saudia anaongea kama mtu aliyeuma meno, na huko wanadhani amekasirika. Mwalimu wa darasa akanong'ona, hii haina utangulizi. Nikamwambia, mwalimu wangu, kaa hapa na wewe uandike ya kwenu. Akaandika! Akasoma mbele ya darasa, watoto wakampigia makofi mpaka wa darasa la pili wakachungulia.

Ndo maana nasisitiza mwalimu asitoke nje kusahihisha madaftari mwandishi akiingia. Mwandishi ataondoka, mwalimu atabaki. Na nani kasema kila mwandishi anajua kufundisha? Wengine tumezoea kukaa peke yetu, darasa la watoto hamsini linatutoa jasho, mwalimu ndo anajua nani hajala na nani anaogopa kusoma kwa sauti. Kalamu nyekundu ikae mkobani mpaka rasimu ya pili, na mtoto akichanganya Sheng kwenye rasimu ya kwanza muacheni.

Halafu malipo. Fundi wa bomba akija shuleni hamumpi cheti cha shukrani na soda. Zile pesa za mtu wa skripti zipo kwenye bajeti zenu kila mwaka, mi nasema mumlipe huyohuyo, ila mkataba useme mchezo utaandikwa na watoto na yeye atakaa nao mpaka uishe, hata kama mwaka huo hamtavuka kaunti.

Haya tuchukue maswali. Mwalimu pale nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja bajeti, karibu.