Kidonge cha Kipandauso na Ndoto za Usiku

Asanteni. Kuna swali ambalo wagonjwa huniuliza wakiwa wameshashika kitasa cha mlango: "Daktari, tangu nianze vile vidonge, mbona ndoto zangu zimekuwa za ajabu?" Wanaona haya kulitoa mapema. Nani anataka kumsimulia daktari kwamba jana usiku alikimbizwa na maiti?

Basi nalianza mimi. Propranololi, mojawapo ya dawa tunazotumia sana kuzuia kipandauso, yaweza kuleta ndoto nzito, jinamizi, hata kukosa usingizi. Dawa hii ilibuniwa na mwanasayansi James Black miaka ya 1960 kwa ajili ya moyo. Nafuu ya kichwa ilikuja kugunduliwa baadaye. Shida ni kwamba huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo haipati taabu kupenya hadi ubongoni. Atenololi, ya ukoo huohuo, huyeyuka zaidi kwenye maji na hupenya kidogo tu. Tena dawa za ukoo huu hupunguza melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia.

Amitriptilini, dawa nyingine ya kuzuia kipandauso, ina vituko vyake. Yenyewe husinzisha, ndiyo maana humezwa jioni, na hubana ile awamu ya usingizi ambayo macho huchezacheza chini ya kope na ndoto hupamba moto. Mtu akiiacha ghafla, awamu ile hurudi kwa kishindo, na ndoto zilizozuiwa humwagika zote pamoja. Na topiramati, nayo ya kuzuia kipandauso? Wengine husinzia, wengine hukesha, ingawa wengi hulalamikia zaidi vidole kuchomachoma.

Msiyaone haya kuwa madogo. Usingizi mbovu ni mchokozi mkubwa wa kipandauso. Kidonge kinafunga mlango wa mbele, kisha kinamkaribisha mgeni yuleyule kupitia uani.

Lakini tafadhali, msiitupe propranololi siku moja kwa hasira. Ikikatwa ghafla, moyo unaweza kwenda mbio na shinikizo la damu kupanda. Mwenye ugonjwa wa moyo yuko hatarini zaidi. Andika ulianza lini, unameza kiasi gani na saa ngapi, na ndoto zilianza lini. Kwa hayo daktari ataamua kupunguza dozi, kubadili saa au kubadili dawa kabisa. Na ukiweza, njoo na unayelala naye. Wewe umelala, anayesikia ukiweweseka ni yeye.