Kimoja kwa Wote, na Ubishi Wangu na new

Wanaonijua wameshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Chekeni tu. Leo pia nitalisema: katika Java, klasi ikiwa na alama @ApplicationScoped, yaani kitu kimoja kwa programu nzima, usiiandikie new, neno la kuunda kitu kipya!

Timu moja ilinipigia simu usiku. Msimamizi amebadilisha viwango vya kodi, kwake vinaonekana vipya, wateja wanaona vya zamani. Wakizima seva na kuiwasha, mambo shwari, mpaka viwango vibadilishwe tena. Walishalaumu hifadhidata, wakalaumu kivinjari. Nikaomba msimbo. Ukurasa wa msimamizi ulitumia @Inject, alama ya kuomba upewe kitu kilichopo badala ya kukiunda mwenyewe. Servleti ya wateja, klasi inayojibu maombi yao ya wavuti, je?

private Viwango viwango = new Viwango();

Basi! Servleti huundwa mara moja, ikakaa na nakala yake tangu ilipoundwa.

“Lakini mwalimu, alama si tumeiweka juu ya klasi?” Mmeiweka, ndiyo. Anayeisoma ni kontena, ile sehemu ya seva inayounda na kusimamia vitu hivi. New haimjui kontena wala haimbishii hodi. Unapata kitu kingine kabisa: @PostConstruct, metodi ya maandalizi, haiitwi, na kila @Inject iliyomo ndani inabaki null, yaani tupu.

Na ukikiomba kile kitu kimoja ipasavyo, kwa @Inject, hupewi chenyewe, unapewa wakala wake. Kila unapoita metodi, wakala hukitafuta kile kimoja na kukipelekea mwito. Kama hakijaundwa, ndipo kinaundwa. Sasa yuko mjanja, klasi zake zimo kifurushi kimoja, anasoma uga viwango.orodha moja kwa moja. Anapata null, anakuja kuniambia CDI, mfumo wa Java unaogawa vitu hivi, ni mbovu. Bwana, umepekua mifuko ya wakala! Ita getOrodha().

Mahali ambapo @Inject haifiki, tangu CDI 1.1 ya mwaka 2013 ipo CDI.current().select(Viwango.class).get(). Itumieni kwa uchache. ServletContext, ghala la pamoja la programu ya wavuti, na getAttribute yake ya kuchukua kitu kwa jina bado inafanya kazi, ila mkikosea herufi moja ya jina mtarudishiwa null, na hakuna atakayewaonya.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: kimoja kwa wote hakimaanishi salama kwa wote. Maombi yanaingia kwa pamoja na CDI haifungi mlango, kwa hiyo HashMap, jedwali la data, inayoandikwa humo iwe ConcurrentHashMap, inayohimili wengi kwa pamoja. @Singleton ya EJB, mfumo mwingine wa Java, hujifungia yenyewe. Seva mbili ni vitu viwili, kila seva na chake. Na ile @ApplicationScoped ya javax.faces.bean, ya mfumo wa zamani wa kurasa wa JSF, ni jina tu lililofanana… hiyo nifuateni nje.