Ampuli Moja Si Dozi Moja

Mazungumzo na wagonjwa wa kliniki ya presha na wahudumu wa zahanati, Moshi mjini

Shikamooni wazee wangu. Wakunga na wauguzi wenzangu mlioteremka kutoka Marangu, Uru na Kibosho, poleni na safari, na asanteni kwa kuja.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nesi, kwa nini usinichome tu sindano presha iishe?" Ninalielewa. Mtu amemeza vidonge miezi mitatu, mashine bado inasoma 180, kichwa kizito. Anajua malaria ikiwa kali mtu huchomwa sindano, basi anaona presha nayo iwe vivyo hivyo. Lakini sindano ya presha haitibu zaidi ya kidonge. Inawahi tu. Na kuwahi huko ndiko kunakonitisha, kwa sababu kidonge kikikuzidi leo, kesho daktari anapunguza. Sindano ikishaingia mshipani hakuna wa kuirudisha.

Nilikuwa mgeni kazini, mahali ambapo sitapataja, alipokuja mzee mmoja kupima presha kabla ya safari. 220 kwa 120. Haumwi popote, anaongea vizuri, amekuja kwa miguu yake. Sisi tukaiogopa namba. Akachomwa haidralazini, sindano ya kushusha presha, ampuli nzima (kichupa chote) kwa mkupuo mmoja. Baada ya nusu saa ikasoma 110 kwa 60, tukapongezana. Jioni mkono wake wa kulia haukunyanyuka na maneno hayakutoka. Zile pongezi zetu ndizo zinazoniuma mpaka leo. Tulikuwa tunashangilia mashine.

Wazee wa milimani mtanielewa upesi, maana mnaujua mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Maji yanatoka banioni, yanapita kwa huyu na yule mpaka shamba la mwisho kule chini. Kama mfereji umejaa tope kwa miaka, yule wa mwisho anapata maji kwa sababu tu huko juu yanasukumwa kwa nguvu. Sasa nenda ufunge banio ghafla. Aliye karibu bado ana kitu. Wa mwisho anakauka siku hiyo hiyo. Mtu aliyeishi na presha ya juu miaka 10 mishipa yake ya ubongo imekuwa minene na myembamba ndani. Imezoea kusukumiwa damu kwa nguvu. Ukiishusha presha yake kwa nusu saa, kuna sehemu ya ubongo inayokosa damu, na hicho ni kiharusi tulichokileta sisi wenyewe. Moyo na figo nazo zinaumia kwa njia hiyo hiyo.

Ndiyo maana kwa dharura nyingi za presha madaktari hawashushi zaidi ya robo katika saa ya kwanza. Halafu wanaelekea kama 160 kwa 100 kwa saa 2 hadi 6 zinazofuata, na iliyobaki inashuka kwa siku. Yapo magonjwa machache yenye kanuni zake, kama kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu, lakini hayo ni ya hospitali kubwa.

Na dharura ni nini? Siyo namba peke yake. 180 kwa 120 bila dalili ni sababu ya kukaa chini, kupumzika, kupimwa tena, kuulizwa kama vidonge vimeisha nyumbani, na kurudishiwa vidonge. Dharura ni namba hiyo pamoja na kiungo kinachoumia: kifua kinabana, pumzi haitoshi, mdomo umekwenda upande, macho yanaona giza, mtu amechanganyikiwa. Huyo msimtafutie sindano dukani. Mwahisheni hospitali.

Kwa mjamzito mambo ni tofauti, na hapa wakunga naomba mnisikilize sana. Mama mwenye mimba akifika 160 kwa 110, mkapima tena baada ya dakika 15 ikabaki pale pale, hatusubiri dalili. Anatakiwa apate dawa ndani ya nusu saa, isizidi saa moja, kwa sababu ubongo wake unaweza kuvuja damu kwa namba ambayo baba yake anatembea nayo sokoni Mbuyuni. Huyu ndiye haidralazini ilipo kwa ajili yake. Sasa ishikeni ampuli mkononi msome: milligramu 20. Dozi ya kuanzia ni 5. Yaani katika kile kichupa kidogo mna dozi nne za mwanzo, na kosa la yule mzee wangu lilikuwa humo humo. Mimi hufanya hivi: unga nauyeyusha kwa maji ya sindano, naongeza maji ya dripu ya chumvi mpaka zifike mililita 20. Hapo kila mililita moja ina milligramu moja, hesabu haikuchanganyi hata saa nane za usiku. Usitumie dripu ya glukosi, dawa hii haipatani nayo. Andika jina la dawa kwenye bomba. Sukuma mililita 5 taratibu, kwa dakika kadhaa, huku mwenzako anapima.

Kisha ngoja. Hapa ndipo tunapoanguka. Haidralazini inaweza kuchukua dakika 20 kuonyesha kazi yake. Dakika ya tano unapima, bado 170, ndugu wamesimama mlangoni wanakutazama, mkono unaenda kwenye bomba. Ukiongeza sasa, dozi zote mbili zitakuja kufanya kazi pamoja, na mtoto aliye tumboni anategemea damu ya mama inayopita kwenye kondo. Presha ya mama ikianguka, mapigo ya mtoto yanaanguka. Tunataka 140 hadi 150 kwa 90 hadi 100, tusishuke chini ya hapo. Jumla isizidi milligramu 20. Moyo kwenda mbio na kichwa kuuma ni kawaida ya dawa hii, mwambie mama mapema asiogope.

Penye labetaloli, sindano nyingine ya presha, uliza kwanza habari ya pumu, maana inaweza kubana pumzi. Pasipo na sindano yoyote, nifedipini ya kumeza milligramu 10 inafanya kazi nzuri sana kwa mjamzito, lakini imezwe. Kuitoboa na kuiweka chini ya ulimi kulishakatazwa zamani, kwa sababu ile ile ya kushuka ghafla. Na magnesiamu salfeti ni ya kuzuia kifafa cha mimba, siyo ya presha. Utafiti mkubwa uliotolewa 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha inapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Mama anaihitaji pamoja na dawa ya presha, na ukiitoa angalia pumzi, mkojo na goti linavyoruka, kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima ikizidi, iwe karibu.

Lasix nayo isiombwe kama sindano ya presha. Inatoa maji kwa mtu ambaye mapafu yake yamejaa. Na wale mnaochoma diklofenaki kila mgongo ukiuma, hiyo yenyewe inapandisha presha.

Kijana mmoja ameniuliza mlangoni kuhusu sindano ya mara mbili kwa mwaka aliyoisoma kwenye simu. Ipo kwenye majaribio, inaitwa zilebesirani, inachomwa chini ya ngozi na kulizuia ini lisitengeneze protini mojawapo ya kupandisha presha. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha presha inakaa chini kwa miezi hadi sita. Ninaifuatilia kwa matumaini makubwa, kwa ajili ya wale wanaosahau vidonge. Lakini watafiti wanahangaika na jambo lile lile: mtu akitapika na kuharisha siku tatu, presha ikashuka, dawa ya miezi sita utaitoaje mwilini?

Mashine mbili ziko pale mezani. Kaeni kwanza dakika tano, miguu sakafuni, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, bila kuongea. Atakayesoma juu ya 180 asiondoke kabla sijamwona, na aje na pakiti za vidonge vyake, hata kama ni tupu.